Kasha Lililoegemea Tanuri

Hyderabad, 6 Oktoba 1996

Kaka Kheto,

Adesh, salamu yetu ya jadi, kwako, kwa mkeo Dhapu na kwa watoto.

Nimerudi chuoni ninakofundisha, lakini mawazo yameganda Umerkot. Nafurahi pamoja nanyi kwa nyumba ya matofali. Dhapu amevumilia mahema ya kutosha, na anastahili paa ambalo upepo hauwezi kulichukua. Hata hivyo, nilipolala kwenu siku zile mbili nilitambua jambo ambalo sikulisema mbele ya wageni, nami nalisema sasa kwa kuwa kuandika kunanipa utulivu ambao mdomo haunipi.

Kule mchangani, kambini kwetu wafuga nyoka, Sonal alikuwa nyoka wa Majogi miongoni mwa Majogi. Hapa mna majirani waliozaliwa wakiogopa hata mjusi, nao wamegawana ukuta na chatu aliyezidi urefu wa wanaume wawili. Sabhagi, mke wa Warayo, ana kitoto ambacho hakijaweza kukaa. Kwa hiyo nakuomba, na usione kwamba nakufundisha kazi ya Baba: kasha liwe na kufuli, na ufunguo ukae shingoni mwako. Usimlishe ukiwa peke yako. Mtu wa pili awe karibu na mkia, kwani akikosea na kukukamata mkono, mtu mmoja hawezi kumfungua. Usimguse ukiwa umetoka kukamua mbuzi, maana yeye hujua ulimwengu kwa kunusa, na mkono unaonuka mbuzi kwake ni mbuzi. Akiwa anajiandaa kuvua ngozi na macho yamekuwa kama maziwa, mtoto yeyote asiletwe kumtazama.

Liko na lile lingine, ambalo naona hulisemi. Nilikuwa mtoto Baba alipomleta kutoka vichaka vya Nara, akiwa mwembamba kama kidole gumba, na nilimsikia akimwahidi kwa jina la Guru: utakaa nasi mvua kumi na mbili, kisha nitakurudisha palepale. Mvua ya kumi na mbili ilinyesha Agosti. Na palepale pamekwisha kufunikwa na maji ya bwawa jipya. Najua ahadi hiyo sasa iko juu yako. Nakuomba usimwachie mahali popote bila kuniambia. Nipe muda nimtafutie mahali panapofaa.

Nijibu hasa kuhusu kufuli.

Mdogo wako,
Jamna


Umerkot, 19 Oktoba 1996

Jamna mdogo wangu,

Adesh. Barua yako nilimsomea Dhapu kwa sauti, na Warayo naye akaisikia yote, maana waliojenga nyumba hizi waliishiwa matofali kabla ukuta wa kati haujafika paani. Mtu akipiga chafya upande ule, upande huu tunamwombea afya bila kunyanyuka.

"Jogi," akaniita kutoka kwake, "dada yako anasema mikono isinuke mbuzi. Mwulize, na mimi ninayenuka punda kutwa?"

"Wewe uko salama, Warayo. Sonal ana adabu, hali kitu kilichovunda."

Sabhagi akacheka mpaka Rabail akaamka. Rabail ndiye huyo mtoto. Ana nywele utadhani amevaa kofia. Juzi mama yake alimleta mwenyewe mlangoni akasema, "Mwonyeshe bibi yake mrefu, asije akakua mwoga kama baba yake." Basi usidhani majirani wanatuogopa. Wanasema Majogi wanajua mambo yao.

Kasha nimeliegemeza kwenye ukuta huohuo. Upande wa pili ndipo lilipo tanuri la mikate la Sabhagi, na ukuta unakaa na joto mpaka kunapambazuka. Sonal anaupenda kama paka. Kasha lipo, kifuniko kipo, na Sonal mimi ndiye ninayemjua.

Kinachoninyima raha ni kile ulichokigusa mwishoni. Nilikwenda Nara mwezi uliopita. Nilisimama ukingoni nikatazama maji, na vilele vya mikwaju vimetokeza kama vidole vya watu waliozama. Ningeweza kumwachia pale pembeni nikarudi nyumbani kula. Lakini Baba hakusema karibu na pale. Alisema palepale. Sasa nifanye nini? Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hana hata mkono wa kulishikia.

Wewe ndiye uliyesoma. Niambie mtu anatimizaje ahadi ya mahali ambapo hapapo tena.

Kaka yako,
Kheto


Hyderabad, 2 Novemba 1996

Kaka Kheto,

Barua yako ilinichekesha, kisha ikaniacha na uzito. Nimeifikiria siku nyingi, na sidai kwamba nilichokifikia ndicho sahihi. Ndicho tu ninachoweza kukitetea.

Usimwachie bwawani. Si kwa sababu ya Baba. Sonal amelishwa kwa mkono tangu akiwa mdogo. Kwake harufu ya binadamu na ya kuku si hatari, ni chakula kinachokuja. Ukimwacha ukingoni mwa maji asiyoyajua, hatatafuta kichaka, atatafuta kijiji. Huko hakuna Jogi wa kusimama kati yake na mashoka, wala kati yake na watoto wa watu. Na sasa baridi inaingia. Chatu aliyehamishwa wakati wa baridi mara nyingi hufa kabla hajapata shimo.

Nimewaandikia watu wa bustani ya wanyama Karachi. Kama wakikubali, atakuwa na ua, maji, na mlango wenye watu wanaolipwa kuulinda. Najua hapo pia si palepale. Lakini nadhani Baba alipoapa alikuwa akimwahidi Sonal uhai, na mahali palikuwa namna yake ya kuusema. Huenda nakosea. Wewe ulikaa naye zaidi kuliko mimi. Mimi nilipelekwa bweni nikiwa sijajua hata kufunga tenga la nyoka.

Kwa hiyo naomba uvumilie mpaka majira ya joto.

Kaka, hukunijibu kuhusu kufuli. Kifuniko si kufuli. Misuli yake inaweza kuinua kifuniko kama wewe unavyoinua shuka. Na kama ukuta haufiki paani, basi nyumba yenu na ya Warayo ni chumba kimoja chenye pazia. Tia kufuli. Kama hapo mjini huna la kukufaa, nitalituma kwa basi. Naomba uniandikie neno moja tu: kufuli lipo.

Jamna


Umerkot, 23 Novemba 1996

Jamna,

Kufuli, kufuli, kufuli. Tangu lini binti wa Jogi akaandika neno hilo mara zote hizo kwenye karatasi moja? Umesahau sisi ni akina nani, au wenzako wa chuoni wamekucheka? Kama unaona haya, sema. Usinizungushe.

Nimekubali kungoja majira ya joto, kwa sababu wewe umesema. Usiniombe na la pili.

Dhapu ameondoka na watoto, yuko kwa mama yake Chachro. Mambo ya wanawake. Atarudi.

Warayo amepoteza kuku, yule mwenye shingo tupu. Alikuja mlangoni amejifunga blanketi hadi puani.

"Jogi, bibi mrefu alikula lini?"

"Mwezi uliopita, mbele ya macho yako. Wewe ndiye uliyeshika mkia."

"Basi ni nguchiro."

"Basi ni nguchiro."

Tulikubaliana upesi mno, kama watu wawili waliochoka. Halafu akakaa, tukanywa chai. Akaniambia Rabail ameota jino, na kwamba amemng'ata babu yake akiwa amesinzia, na mzee akapiga kelele akidhani ni Sonal. Tulicheka sana. Lakini nilipokuwa nacheka nilikuwa nalitazama kasha.

Sonal amekataa njiwa. Nimempa mara mbili, anamgeuzia kichwa. Amejikunja upande wa tanuri, hataki kuguswa. Niambie maana yake, wewe mwenye vitabu. Mimi nadhani ana huzuni. Anajua muda wake umekwisha na bado yuko hapa.

Kheto


Hyderabad, 8 Desemba 1996

Kaka yangu,

Nisamehe kama maneno yangu yalionekana dharau. Sioni haya. Wanafunzi wangu hunisikiliza zaidi siku nikiwasimulia habari za Baba kuliko siku nikiwasomea kitabu. Sitaliandika tena neno lile linalokuudhi. Umenisikia, nami naamini umefanya unachopaswa.

Kuhusu Dhapu, naomba umfuate. Sijui mmegombana nini, na sikulazimishi kuniambia. Lakini mwanamke aliyengoja nyumba ya matofali miaka kumi haiachi kwa jambo dogo. Mwombe radhi hata kama hulioni kosa. Mara nyingi kosa huonekana baada ya radhi.

Sasa Sonal. Hana huzuni, kaka, au kama anayo mimi sina chombo cha kuipimia. Kukataa kwake njiwa ni habari njema, na ndiko kunakonipa usingizi. Nyoka hana moto wake mwenyewe; huuazima mahali alipo. Majira yakipoa na tumbo lake hulala. Hata kule mchangani alikuwa hali kitu tangu Diwali, baridi ikianza, hadi Holi, ikiisha, unakumbuka. Kwa hiyo kuku yule ni wa nguchiro, au paka. Mambo mengi ninayokuandikia nayaandika kwa mashaka, lakini hili nina hakika nalo: wakati wa baridi hatawinda. Waambie na akina Warayo, wasiwe na hofu bure.

Na habari njema zaidi: bustani ya Karachi wamejibu. Watampokea mwezi wa Machi. Nitakuja mwenyewe na gari, tutampeleka pamoja, nawe utasema naye njiani maneno ambayo Baba angeyasema.

Dada yako akupendaye,
Jamna


Umerkot, mahabusu, 13 Januari 1997

Jamna,

Rabail amekufa. Naliandika hilo kwanza ili usiisome barua hii kwa matumaini.

Ilikuwa Jumatano, kunapambazuka. Wiki ile baridi ilikuwa inaangusha njiwa kutoka kwenye nyaya. Warayo alikuwa amewaingiza ndani wanambuzi wake wawili, na walilala kando ya tanuri, na mtoto akalazwa katikati yao apate joto. Sabhagi alikwenda bombani. Warayo alikuwa nje anamfunga punda. Mimi nilikuwa nimelala.

Nilichosikia ni mwanambuzi. Analia, ananyamaza, analia tena. Mtoto sikumsikia. Unaujua ukuta ule, hata kikohozi kinapita. Hakulia.

Sonal alipitia juu ya ukuta. Walipokuja kuniita nilimfungua kwa mikono yangu, nikianzia mkiani kama Baba alivyonifundisha, na Warayo akashika upande wa pili, tukafanya kama tulivyokuwa tukifanya siku za kumlisha. Halafu hapakuwa na la kufanya.

Sasa nakujibu swali lako. Kufuli halikuwapo. Lilikuwapo mpaka mvua ya mwisho, nami nikaliondoa siku ileile mawingu yalipokatika. Ndiyo desturi, Jamna. Nyoka aliyemaliza muda wake si mfungwa, ni mgeni, na mgeni hafungiwi. Mwaka wa mafuriko, barabara zilipokatika, Baba alichelewa kumrudisha fira mmoja. Aliacha tenga wazi mpaka barabara zikafunguka, na sote tulilala humo hemani, na hakuna aliyeguswa. Lakini mahema yalitengana kwa umbali wa kutupa jiwe, na fira ni fira, windo lake ni panya. Wewe ulikuwa bweni. Sikulikumbuka hilo. Kila ulipouliza nilidhani unajua, na kwamba unanitaka nimfunge na kiapo kikiwa kimekwisha, nimfanye Baba mwongo kaburini. Dhapu alijua. Alisema ama kufuli ama yeye. Sikumwambia mtu mwingine.

Wazee wa kambi wamenishauri niseme komeo lilikatika. Nimesema hivyo kwa inspekta.

Sonal yuko hapa uani, ndani ya kasha. Inspekta ametia kufuli kubwa la shaba. Nalitazama kupitia nondo. Basi ndilo hilo ulilokuwa unaniomba.

Watu wanataka auawe, na wana haki. Lakini hakuna Jogi atakayeinua mkono. Kiapo cha Baba kimewafunga wote waliokula chunguni mwetu. Askari wanamwogopa. Warayo alipewa shoka akalirudisha. Alisema akianza hajui ataishia wapi, na alikuwa ananitazama mimi. Wewe umekula mkate wako mwenyewe miaka yote hii. Kiapo hakikufungi. Njoo.

Kheto


Umerkot, 20 Januari 1997

Kaka,

Nakuandikia nikiwa nyumba ya wageni, mtaa mmoja kutoka ulipo, kwa kuwa wamekataa nikuone mara ya pili.

Nimefanya. Nilimfanyia jinsi tunavyowafanyia wanyama wa maabara wasiotakiwa kuumia, na haikuchukua muda. Alipotolewa ndani ya kasha alikuwa baridi kama bomba. Aliweka kichwa kwenye kiwiko changu, pale alipokuwa akikiweka nilipokuwa mtoto. Labda alinijua. Labda mkono wangu ulikuwa ndicho kitu pekee chenye joto katika ua ule. Sikuchagua jibu, wala sitachagua. Wamemzika nje ya mji, wakaweka chokaa.

Liko jambo ambalo ni lazima ulisikie kwangu. Inspekta aliniuliza kuhusu komeo. Alisema mimi ni mtu wa elimu na atapokea neno langu. Nikamwambia halikukatika. Nikamwambia hapakuwa na kufuli tangu Agosti, na kwa nini, na kwamba mimi niliuliza mara mbili kisha nikaacha kuuliza ili nisikuudhi. Aliandika makosa yote mawili, lako na langu, lakini nilimwona akipiga mstari chini ya lako tu.

Mwanasheria anasema miaka kadhaa. Kwa lile komeo ungetoka mwezi ujao. Sijui kama nimetenda haki au nimetafuta tu mahali pa kuuweka mzigo. Nilijua tu kwamba Sabhagi alikuwa amesimama langoni, na kwamba siku moja ataniuliza.

Dhapu amerudi. Analala nyumbani, mlango wazi, na kila asubuhi anasugua sakafu pale lilipokuwa kasha.

Jamna


Umerkot, 2 Februari 1997

Dada Jamna,

Barua hii ananiandikia mwalimu wa madrasa, mimi sijui kuandika. Nimemwambia asipambe.

Nilikuona siku ile uani. Nilitaka kukwambia neno, na mume wangu akanishika mkono.

Watu wanakuja kunipa pole, wanasema ni majaliwa. Sibishani na Mungu. Mwenye mali amechukua mali yake. Nao Majogi wamekuja wote, wanawake wao wamekaa nami chini, na Dhapu ananiletea maji asubuhi kabla sijaamka. Sina ugomvi na Dhapu. Kuhusu Kheto sijui bado. Kuna siku namwonea huruma na kuna siku nikisikia jina lake naenda kusimama nje.

Lakini barua zako mimi nilikuwa nazisikia. Kheto akisoma, sauti inapita juu ya ukuta. Nilikuwa nakanda unga, nasikiliza. Nilikuwa nakupenda kwa ajili ya barua zile, kwamba kuna mwanamke huko mbali aliyesoma, na anamfikiria mwanangu, anasema kasha lifungwe. Nilikuwa nikimwambia Warayo, mwanamke huyu ana akili kuliko nyinyi nyote.

Kabla ya barua ile ya mwisho nilikuwa siendi bombani bila Rabail. Namfunga mgongoni, na baridi yote hiyo, na ndoo. Halafu Kheto akasoma kwamba una hakika, wakati wa baridi hatawinda, na tusiwe na hofu bure. Tangu siku ile nikawa namwacha karibu na tanuri. Nilisema, kwa nini nimtese mtoto na baridi.

Sikulaumu. Au labda nakulaumu, mwalimu asifute hilo. Nataka kujua jambo moja tu, ili nijue niliweke wapi moyoni. Ulipoandika maneno yale, ulikuwa unajua?

Sabhagi, mama wa Rabail


Hyderabad, 10 Februari 1997

Dada Sabhagi,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nilipoanza nilijikuta naeleza, na maelezo yalikuwa sahihi, na yalikuwa yananisaidia mimi tu. Nitajaribu kukujibu wewe. Nakuomba, mwalimu, usome polepole, na usipambe.

Nilichokiandika kuhusu nyoka na baridi ni kweli kwa nyoka aliye kwenye baridi. Mimi nilimjua Sonal wa mahemani, ambaye Desemba ikifika alikuwa akilala kama kamba iliyosahauliwa. Sikuwahi kumjua Sonal wa nyumba ya matofali. Na kaka yangu alikuwa ameniandikia, mwezi wa Oktoba, kwamba kasha ameliegemeza kwenye ukuta wa tanuri lako, na kwamba ukuta unakaa na joto mpaka kunapambazuka. Nimeirudia barua ile. Niliisoma nikacheka, kwa kuwa alisema anaupenda kama paka. Kisha, kwa mkono huuhuu, nikaandika kwamba nyoka huazima joto la mahali alipo. Nilikuwa na vipande vyote viwili mezani, dada. Sikuviweka pamoja. Kwake yeye baridi haikuwahi kuingia. Alikataa njiwa kwa sababu alikuwa ameshiba kuku wenu.

Nilimzuia Kheto asimwachie bwawani, nikiwa na sababu nzuri. Kheto aliondoa kufuli, akiwa na kiapo chema. Nimejaribu kuona ni lipi kati ya hayo lingetosha peke yake kumuua mtoto wako, na naona hakuna, na naona pia kwamba hilo halimsaidii mtu. Nawaza kwamba kama mmoja wetu angekuwa mjinga zaidi kidogo, au mwingine asingekuwa mwaminifu kiasi kile, Rabail angekuwa sasa anatambaa. Lakini hata wazo hilo naliogopa, kwa kuwa ni zuri mno kuwa la kweli tupu.

Mwezi ujao watu wa Karachi walikuwa wampokee. Wameandika tena kuuliza saa ya kufika. Sijawajibu.

Kheto atahukumiwa baada ya Holi. Nimeambiwa kwamba neno lako, wewe na Warayo, linaweza kumpunguzia au kumwongezea. Sikuombi chochote. Nakueleza ili usije ukasikia kwa mwingine ukadhani nilikuficha.

Na swali lako. Mwalimu, hapa nakuomba usome kama lilivyo, wala usiongeze neno la kumfariji.

Dada Sabhagi, sikujua. Nilikuwa na hakika.

Jamna